Kesi ndogo ya kompyuta ya gemu: hizo lita ni za nini, na kwa nini kadi yako haiingii

Binamu yangu alinipigia saa tano usiku, hakuna salamu, kitu ya kwanza ni "Kaka, hii kitu haiingii." Nikamuuliza gani. "Madabodi. Nimeigeuza kila upande, inatokeza nje kama magoti ya mtu mrefu kwa matatu." Madabodi ni ile bodi kuu ya kompyuta, vitu vingine vyote vinachomekwa hapo. Binamu anakaa bedsita huko Roysambu, Nairobi, meza yake ni moja tu, hiyo hiyo ndo ya kula, ndo ya kupiga pasi, ndo ya kompyuta, na kompyuta yenyewe ilikuwa lile dude la kukaa chini ya meza linalokugonga mguu kila ukigeuka, kwa hivo alipoona picha ya kesi ndogo safi kwa simu akatuma pesa, mtu wa boda akaleta, na usiku huo huo akafungua kompyuta yake yote skrubu kwa skrubu akaitandaza juu ya kitanda. Ndo sasa anagundua mashimo ya kesi na mashimo ya bodi hayajuani hata kidogo.

Si yeye peke yake. Karibu kila mtu anayeniuliza kuhusu hizi kompyuta ndogo za gemu anakuja na maswali yamefungwa fundo moja: ati ITX ni kampuni gani, ati lita ni za nini kwani ni mafuta, ati zikiwa ndogo si zitachemka ziungue, ati zikiwa ndogo si zitakuwa na nguvu kidogo. Wacha tulifungue hilo fundo polepole, manake ukishika mambo matatu manne ya msingi hautapoteza pesa.

Kwanza jina. Naandika kesi kwa sababu ndo tunavyoita, sio ile ya kortini Milimani. Wengine wanasema kasha, wengine kesing. Kuna fundi mmoja mzee pale Luthuli yeye huiita nyumba, "leta hiyo nyumba yake nione", na mimi naona ako sawa kutuliko wote, kwa sababu ukiifikiria kama nyumba maswali yote yanajipanga yenyewe: nani anakaa ndani, vitanda vyao ni saizi gani, na dirisha liko wapi.

Bodi ndo kitanda

ITX sio kampuni. Ni jina la saizi ya madabodi, vile kiatu kina namba. Saizi ya kawaida inaitwa ATX, ilitolewa na Intel mwaka 1995, na ni milimita 305 kwa 244, yaani inazidi karatasi ya A4 kidogo. Kuna ndogo yake inaitwa micro-ATX, hiyo ni mraba wa milimita 244 kwa 244. Alafu kuna ile ndogo kabisa ya watu wa kawaida, mini-ITX, milimita 170 kwa 170, iliyoletwa na kampuni ya Taiwan inaitwa VIA mwaka 2001. Kunja A4 katikati, hiyo nusu ndo karibu eneo la mini-ITX nzima.

Kesi kubwa inaweza kulaza bodi ndogo, lakini kesi ya mini-ITX hailazi micro-ATX hata ukiiombea. Binamu alikuwa na bodi ya micro-ATX, zile B550M ambazo zimejaa kila duka mjini, akanunua kesi ya mini-ITX. Toa 170 kwa 244 unabaki na milimita 74. Sentimita saba na nusu za bodi hazina pa kulala. Hakuna fundi, hakuna msumeno, hakuna "tutaangalia vile tutafanya".

Kitu unachopoteza ukienda mini-ITX ni nafasi za kuchomeka. Inakuwa na sloti moja tu, yaani shimo refu la kuchomeka kadi ya grafiki inayochora picha za gemu, na mara nyingi nafasi mbili za ram, ile kumbukumbu ya muda, badala ya nne. Kwa mtu wa gemu hiyo si hasara kubwa, nani siku hizi anaweka kadi mbili. Hasara yenyewe ni bei. Bodi ya mini-ITX yenye chipu ile ile huwa ghali kuliko ya micro-ATX, na hapa Nairobi pia ni ya kutafuta, unazunguka Moi Avenue unaambiwa "hiyo tunaagiza boss, wiki tatu", wakati micro-ATX iko pale kwa kioo inakuangalia. Kwa hivo ile dhana ya kwamba kompyuta ndogo ni ya bei ndogo itoe kabisa. Udogo ndo unalipiwa.

Lita, na mtungi wako wa maji

Watu wa hizi kesi wanapima ukubwa kwa lita kwa sababu urefu peke yake unadanganya, kesi inaweza kuwa fupi lakini nene kama gunia. Unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, unagawa kwa elfu moja, hizo ndo lita. Na kama umekaa Nairobi hauitaji mtu akueleze lita 20 zinafanana aje, ni ule mtungi wa manjano uko kwa bafu yako saa hii ukingojea maji yapotee. Sasa shika hapo. Kesi ya kawaida ya ATX huwa kama lita 40 hadi 50, mitungi miwili na kitu. Zile zinaitwa ndogo kwa lugha ya wenyewe ni chini ya lita 20, mtungi mmoja. Cooler Master NR200, hiyo iliyotoka 2020 na ambayo watu wengi wameanza nayo, inasemwa ni lita 18.25. Fractal Terra, ile yenye ubao wa mti mbele, ni 10.4, nusu mtungi. DAN A4-SFX ni 7.2, na Xbox Series X, ambayo ni mnara wa sentimita 15.1 kwa 15.1 kwa 30.1, inakuja kama lita 6.9.

Lakini hizo namba zisikuleweshe. Chukua hiyo NR200 upige hesabu mwenyewe. Vipimo vya boksi lenyewe la chuma ni milimita 360 kwa 185 kwa 274, ukizidisha unapata 18.25 vile wamesema. Lakini ukihesabu na miguu yake na kila kitu kinachotokeza inakuwa 376 kwa 185 kwa 292, na hiyo ni lita 20.3. Kesi ni ile ile, lita mbili zimetoka kwa miguu. Hakuna mtu amekudanganya, ni vile kila mtu anapima anavyotaka, na juu ya meza yako kesi inakaa pamoja na miguu yake. Kama nafasi yako ni ya kubana, kwa mfano rafu ya chini ya tivii, soma milimita, lita ni za kupiga nazo story.

Kuna kitu kingine lita hazikwambii, nacho ni mpangilio wa ndani. Kesi mbili za lita 12 zinaweza kuwa tofauti kama matatu na lori.

Mpangilio wa zamani ni bodi imesimama ukutani na kadi ya grafiki imechomekwa moja kwa moja, inaning'inia chini yake, NR200 iko hivo. Ni rahisi kujenga, feni kubwa ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inaingia. Mpangilio wa pili ndo unaopunguza lita sana: bodi inageuziwa upande mmoja, kadi inawekwa upande wa pili, mgongo kwa mgongo, ukuta mmoja katikati. Kama umekaa ploti unaijua hiyo ramani, bedsita mbili zimegeuziana mgongo, kila moja na dirisha lake upande wa nje, hawaonani lakini ukipiga chafya jirani anasema pole. Terra na DAN A4 ziko hivo. Uzuri wake ni kwamba kadi inavuta hewa moja kwa moja kutoka nje. Ubaya ni kwamba sasa kadi iko mbali na sloti yake, kwa hivo inahitaji waya bapa wa kuiunganisha na bodi, unaitwa raiza, na feni ya prosesa inabaki na nafasi ya kimo cha sahani.

Hiyo raiza iheshimu. Zina vizazi, 3.0, 4.0, sasa 5.0. Kadi za NVIDIA za RTX 50 zilizoanza kutoka mwaka 2025 zinaongea PCIe 5.0, PCIe ikiwa ndo lugha ya kadi na bodi, ukiichomeka kwa raiza ya 4.0 bodi inaweza kujaribu mwendo ambao waya hauwezi na unapata skrini nyeusi ama kompyuta inazimika ovyo, alafu unaenda kurudisha kadi dukani na kumbe kadi ni mzima. Dawa yake ni kuingia kwa bayosi, ile mipangilio ya bodi yenyewe kompyuta ikianza kuwaka, uweke 4.0 mwenyewe badala ya kuiacha ijichagulie, na kama haioni skrini kabisa chomeka waya wa skrini kwa bodi, kama prosesa yako ina grafiki yake, ndo uingie. Kwa gemu tofauti ya mwendo ni ndogo sana. Na kwa wale wanaosema raiza ni waya tu: mwaka 2021 NZXT iliondoa kesi yake ya H1 sokoni kwa sababu skrubu za chuma zilizoshikilia raiza zingeweza kugusa njia ya umeme na kuanzisha moto. Skrubu mbili tu hivi. Kwa hivo ukinunua kesi ya mtumba yenye raiza, toa waya uutazame kama umekunjika ama umechunika kabla ya kulipa.

Anza na kadi, sio kesi

Hapa ndo nakaa na watu sana. Mtu anachagua kesi kwa macho, vile unachagua viatu kwa dirisha, alafu anaanza kutafuta mguu wa kuingia. Geuza. Kitu kikubwa na cha bei kwa kompyuta ya gemu ni kadi ya grafiki, hiyo ndo mzee wa nyumba, na ina vipimo vitatu ambavyo vyote lazima vikubali.

Urefu kila mtu huangalia. NR200 inachukua kadi hadi milimita 330, Terra hadi 322, kwa hivo kwa urefu kadi nyingi za feni mbili zinaingia bila kelele. Unene ndo unaua watu. Unahesabiwa kwa sloti, sloti moja ni kama milimita 20, kadi ya sloti mbili ni sentimita nne, ya sloti tatu ni sentimita sita, na kesi nyingi za mgongo kwa mgongo zinataka mbili ama mbili na nusu. Alafu kimo, yaani vile kadi inasimama kutoka kwa sloti kwenda juu, na hapa kuna mtego: waya wa umeme unachomekwa juu ya huo mgongo, na zile soketi mpya za pini 12 hazitaki waya ukunjwe karibu na kichwa, achia kama milimita 35 ndo uanze kukunja. Kadi imeingia vizuri, kioo cha pembeni hakifungi, mtu anasukuma na goti. Usisukume na goti, soketi iliyolegea inayeyuka.

Mwaka 2024 NVIDIA walijaribu kusaidia, wakatoa alama ya kadi zinazofaa kesi ndogo: isizidi urefu wa milimita 304, kimo 151 ukihesabu na kukunja waya, na unene 50, yaani sloti mbili na nusu. Hata kama hautanunua kadi yenye hiyo alama, ziandike hizo namba kwa simu, ni kipimo kizuri cha kuchujia.

Ukijua kadi, sasa ndo unatafuta kesi, na kesi ikishajulikana ndo inakwambia powasaplai gani, yaani kile kiboksi cha kugawa umeme ndani. Powasaplai ya kawaida, ATX, ni upana wa milimita 150 na kimo 86, urefu 140 kwenda juu, ukubwa wa mkate wa gramu 400. Ndogo yake inaitwa SFX, 125 kwa 63.5 kwa 100, hiyo ni kama nusu mkate. Kesi nyingi za chini ya lita 20 zinataka nusu mkate, na nusu mkate ni ghali kuliko mkate mzima, ndo maisha. SFX inaweza kukaa kwa shimo la ATX ukiwekea kibati cha kuunganisha. Kinyume chake hakiwezekani.

Cha mwisho ni feni ya prosesa, na nikisema feni namaanisha na chuma yake yote. Ile minara ya kawaida ni sentimita 15 ama 16 kwenda juu. NR200 inachukua hadi 155, kwa hivo soma vizuri, kuna minara mingi ya 158 itakayokuacha unatazama mlango haufungi kwa sababu ya milimita tatu. Terra ina ukuta wa katikati unaosogea, ukiusogeza kwa faida ya kadi prosesa inabaki na milimita 48, ukiusogeza kwa faida ya prosesa inapata 77. Ni blanketi fupi, ukivuta hapa miguu inabaki nje. Kuna feni za kulala chini za milimita 37, kama zile NH-L9 za Noctua, zinatosha prosesa ya wati 65, usiweke juu ya prosesa ya moto alafu ulalamike.

Zinachemka ama hazichemki?

Jibu fupi, kesi haina joto. Joto linatoka kwa wati. Kadi ya RTX 4060 inakula wati 115, prosesa kama Ryzen 5 7600 ikibanwa inakula kama 88, jumla wati mia mbili hivi, hiyo ni kama balbu tatu za zamani za wati 60 zikiwaka ndani ya katoni. Uweke kwa katoni kubwa ama ndogo balbu ni tatu tu. Kesi kubwa haipunguzi hizo balbu, inachelewesha tu joto kidogo, dakika ishirini za gemu na hewa ya ndani yote imepata moto. Kinachotoa joto ni hewa kuingia upande huu na kutokea ule.

Fikiria jiko la gesi ndani ya bedsita yenye dirisha wazi, na jiko hilo hilo ndani ya ukumbi mkubwa umefungwa madirisha yote. Wapi utatoka jasho kwanza? Bedsita, dakika tano za kwanza. Lakini ikifika saa moja, mwenye dirisha amepata kaupepo na mwenye ukumbi anapika ndani ya mvuke. Kesi ndogo yenye pande za wavu, ambapo feni za kadi ziko sentimita moja kutoka nje, inaweza kuwa baridi kuliko ile ya lita 45 yenye kioo mbele na taa za rangi. Nimeona hiyo kwa macho. Kwa hivo kioo kwa kesi ndogo, hasa upande wa kadi, mimi nakataa. Inapendeza kwa picha, siku ya pili feni zinalia kama mashine ya kukamua miwa.

Na kulia ni suala kwa sababu feni ndogo lazima izunguke haraka kusukuma hewa ile ile ambayo feni ya milimita 120 inasukuma polepole. Kama jirani yako anasikia ukikohoa, tafuta kesi inayochukua za 120.

Kuna kitu cha Nairobi hapa ambacho video za watu wa ng'ambo hazitakwambia. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya pwani, pungufu kwa kama asilimia 15 hadi 20. Ndo hiyo hiyo inafanya githeri ikawie kuiva. Feni inazunguka mara zile zile lakini kila mzunguko inabeba hewa kidogo, ni kama kuchota na ndoo haijajaa. Kwa bahati nzuri mji wetu ni baridi, kwa hivo hewa inayoingia haijapata moto bado, inafidia kwa kiasi. Mtu wa Mombasa ana hewa nzito lakini inaingia ikiwa na nyuzi 30. Kila mtu na msalaba wake. Kwangu maana yake ni moja: ukiona kwenye video kadi fulani imefika nyuzi 80 ndani ya kesi ya lita saba, hapa usitegemee ipungue, acha nafasi kidogo.

Na kabla ukimbilie kupoza kwa maji, wengi wanadhani kesi ndogo lazima maji. Si lazima. Rediyeta ya kawaida, ile ya kupoza hayo maji, ni unene wa milimita 27, feni yake 25, hizo ni 52 ambazo unazitafuta ndani ya nyumba ambayo tayari hakuna pa kuweka kiti, na kuna mipira ya kupitisha. Kuna kesi zimechorwa kwa ajili hiyo, kama Lian Li A4-H2O ya lita 11 inayobeba rediyeta ya milimita 240, hapo sawa. Nje ya hapo njia rahisi ni kupunguza wati: bodi za Ryzen zina kitu kinaitwa Eco, unaiweka 65, na kadi unaishusha kwa programu hadi kama asilimia 80 ya wati zake, unapoteza fremu chache ambazo hautaziona na feni zinatulia. Haigharimu hata bob.

Vumbi nalo. Mtu wa Kitengela ama wa kando ya barabara inayotengenezwa anajua nasema nini, Januari ikifika rafu unafuta asubuhi jioni unaandika jina lako. Kesi ndogo za wavu mtupu zinavuta vumbi lote hadi kwa mapezi ya kadi, na ukishaziba hapo hakuna hesabu ya hewa itakusaidia. Angalia kama kesi ina vichujio vinavyotoka kwa mkono bila kufungua skrubu. Kama haina, stokingi ya zamani ikivutwa vizuri na kubandikwa ndani ya wavu inafanya kazi, usicheke, brashi ya rangi ya inchi mbili na hiyo stokingi ndo vifaa vyangu vya usafi. Jumamosi moja kila mwezi.

Ile njia ya bei rahisi, na ile ya kuagiza

Kuna wanaoniuliza kuhusu zile ex-UK za ofisi, yaani mitumba ya Uingereza, OptiPlex na EliteDesk nyembamba zinazouzwa kila jengo pale tao. Ndiyo ni ndogo, ndiyo unaweza kucheza gemu, lakini elewa unachonunua. Hiyo nyumba imejengwa na mwenyewe kwa vipimo vyake, powasaplai ni ya aina yake, huwezi kutoa ukaweka nyingine ya duka, na sloti inachukua kadi za nusu kimo peke yake. Sloti yenyewe haizidi wati 75. Kwa hivo unatafuta kadi ya nusu kimo isiyo na waya wa ziada, RTX 3050 ya GB 6 inakula 70, GTX 1650 inakula 75, hizo zina matoleo ya nusu kimo. Ukiwa mtu wa EA FC na GTA hiyo ni kompyuta ya maana kabisa na pesa inabaki ya shopping. Ile ndogo zaidi, ya ukubwa wa kitabu, wanaiita Micro, haina sloti ya kadi kabisa, usidanganywe na udogo wake.

Kama unaagiza kesi kutoka nje, jua ndege haipimi kilo peke yake. Wanazidisha vipimo vya boksi kwa sentimita, wanagawa kwa 5,000 ama 6,000, na ikizidi uzito wa mizani unalipa hiyo. Boksi la 45 kwa 40 kwa 25 ukigawa kwa 5,000 ni kilo 9 kwa karatasi hata kama kwa mizani ni 6. Alafu VAT ya asilimia 16 inangojea hapa. Ndo kwa nini kesi zinazokuja zikiwa mbao mbao za kuunganisha mwenyewe, kama FormD T1, zinasafiri kwa bei ya afadhali. Na kama una UPS, ile betri ya kushika stima ikipotea, ndogo ya 650VA mara nyingi inatoa kati ya wati 300 na 400, kompyuta ya balbu tatu pamoja na skrini inaingia hapo, kwa hivo stima ikipotea una dakika za kuhifadhi gemu na kuzima kwa heshima.

Binamu tulimaliza aje? Nilimwambia alale, asiguse kitu. Kesho yake tukahesabu alichonacho: bodi ya micro-ATX, powasaplai ya mkate mzima, kadi ya RTX 3060 ya feni mbili, urefu milimita 242. Kufanya hiyo kesi yake ndogo ifae ilikuwa anunue bodi mpya na powasaplai mpya, pesa ya kodi ya nyumba karibu mbili. Nikamuuliza anataka kompyuta ndogo ama anataka meza, akasema meza. Basi tukaangalia zile za micro-ATX zilizobanwa, kuna Lian Li A3 ya lita 26.3, mtungi na theluthi, inachukua powasaplai ya kawaida, na mimi kwa mtu wa Nairobi mwenye vitu tayari hiyo daraja ndo napendekeza kwanza kabla ya hata kutaja ITX. Ile ya kwanza akamuuzia kijana wa Kahawa West aliyekuwa na bodi ya 170 ndani ya droo. Alipoteza kidogo.

Kabla ya kuagiza nilimfanya akate katoni ya unga ikawa milimita 242 kwa 112 kwa sentimita nne, akaizungusha ndani ya kesi ya rafiki yake mwenye ile ile, akapima na waya. Ikaingia na nafasi ikabaki.

Saa hii iko kwa rafu kando ya tivii, meza ni ya chai na pasi. Keateka alipokuja kusoma mita ya maji akaitazama, nyeusi, matundu mbele, akamuuliza kama ni wufa mpya, na kabla ajibiwe akamkumbusha kwamba kwa hii ploti muziki ni mwisho saa nne.